Mbuzi Mzima kwa Safari ya Taksi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, tulikusudia kuendelea na somo letu la twahara kama tulivyoahidi, lakini limetokea jambo Mbale ambalo hatukuweza kulinyamazia. Twahara itangoje.

Mama mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, amechinja mbuzi. Hakumchinjia nyumbani kwake, alimchinjia Mbale kwa kaka yake aliyeko Namakwekwe, akapika pilau na kuita watu kwenye dua ya shukrani. Sababu ya shukrani yenyewe ni hii: mwanawe wa miaka 15 alipanda taksi (wenzetu wa Kenya husema matatu) kutoka Jinja mpaka Mbale, akakaa kwenye kiti chake njia nzima, akashuka, akampa mjomba wake mkono na kusema, "Salaam alaykum, Mjomba." Basi. Hakuhitimu Qur'ani, hakufaulu mtihani wa darasa la saba, hakuoa.

Tulialikwa, tukaenda. Tukiwa mkekani na sinia ziko mbele yetu, mzee mmoja tunayemheshimu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alisema kwa sauti ya kusikika: "Mbuzi mzima kwa safari ya taksi? Mimi wangu wawili wamemaliza chuo kikuu na sikuchinja hata kuku." Watu wakacheka. Na sisi, Allah atusamehe, tulitabasamu. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia akipakua. Alisikia. Makala haya ni jibu tulilopaswa kumpa mzee wetu pale pale, kabla hatujamaliza kula pilau ya watu.

Tuanze na hiyo safari yenyewe, maana anayeicheka haijui. Kutoka Jinja mpaka Mbale ni karibu kilomita 150. Kijana huyu ana usonji. Usonji si upofu wala si uziwi. Ni namna nyingine ya ubongo kukua, inayoanza kabla mtoto hajazaliwa, na humfanya apokee sauti, mwanga, mguso na maneno ya watu kwa namna tofauti na yetu. Honi ambayo wewe huisikii tena kwa kuizoea, yeye humwingia kama msumari. Alipokuwa na miaka 7 mama yake alijaribu kumpeleka Mbale kwa mazishi ya bibi yake. Walipofika Iganga, wachuuzi walipozonga madirisha na kupiga kelele za maji na soda, mtoto alianza kupiga kichwa chake kwenye kioo na kulia. Abiria wakalalamika. Konda akawashusha. Mama akakaa kando ya barabara na mtoto mapajani mpaka jua likazama, na mazishi yakampita. Mazishi ya mama yake mzazi, ndugu zangu.

Tangu siku ile alifanya kazi ya miaka minane. Kwanza walikwenda tu mpaka kituo cha taksi Jinja, wakasimama mbali, wakarudi. Baada ya miezi wakaingia kwenye taksi iliyosimama, wakashuka. Kisha mpaka Bugembe, hatua chache tu, na kurudi. Kisha Magamaga. Alimfundisha kijana majina ya vituo kwa mpangilio, kwa sababu akijua kinachofuata moyo wake hutulia: Bugembe, Magamaga, Iganga, Namutumba, Tirinyi, Kamonkoli, Mbale. Mwaka jana walifika Namutumba wakarudi. Mwaka huu, walipovuka mashamba ya mpunga ya Tirinyi na mlima Wanale ukaanza kuonekana, kijana alisema mwenyewe, "Bado Kamonkoli." Mama anasema alilia mpaka konda akamuuliza kama amefiwa.

Sasa mzee wetu atuambie, katika watoto wake wawili wa chuo kikuu, ni yupi aliyetembea safari ya miaka minane kwa kilomita 150? Hatuwadharau wahitimu. Sisi wenyewe tulisoma Mbale, katika chuo kikuu chetu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na wazazi wetu walifurahi. Lakini shukrani haipimwi kwa cheti. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) lilipomjia jambo la kumfurahisha alikuwa akianguka kumsujudia Allah. Ka'b bin Malik (R.A.) aliposikia mpiga mbiu akimbashiria kwamba toba yake imekubaliwa, alisujudu, kisha akavua nguo zake akampa aliyemletea bishara, na yeye mwenyewe akaazima za kuvaa. Hakuna aliyemwambia amezidisha. (Wale wanaotaka kutuuliza kama mkusanyiko wa dua ni bidaa au si bidaa, tunawaomba watuwie radhi. Mjadala huo una mahali pake, na waliotuuliza hivyo siku ile walikuwa wamekwisha kula.)

Ndugu wasomaji, kicheko kile kina mizizi, na mzizi wa kwanza ni kwamba wengi wetu bado tunaamini kijana yule ana jini. Tuseme wazi ili tusisingiziwe: majini wapo, Qur'ani imewataja, na kumsomea mgonjwa ni sunna. Lakini kumsomea ni kitu kimoja, na kumfungia mtoto chumbani, kumfukiza moshi wa pilipili, kumpiga kwa fimbo "ili kiumbe kitoke" na kisha kudai pesa ni kitu kingine. Mtoto huyu alipitia mikononi mwa watu wawili wa namna hiyo kabla hajatimiza miaka 9. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni mayembe yaliyotumwa na mke mwenza. Wote wawili walilipwa. Mtoto alirudi na makovu mgongoni, na baba yake alirudi kwa kina mama yake wa Bugiri, hakuonekana tena.

Wala tusidhani kwamba ujinga huu ni wa Afrika peke yake. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye hali hii, na baada yake kwa miaka mingi wataalamu wa huko waliwaambia akina mama kwamba wao ndio waliosababisha, kwa kuwa na mioyo baridi isiyopenda watoto. Ni uzushi uliovunja nyumba nyingi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha, wakakuta kwamba mapacha wa kufanana ndio hushirikiana hali hii zaidi kuliko wasiofanana, yaani jambo liko katika maumbile, si katika malezi. Kule walisema mama baridi, huku tunasema mama aliyerogwa, na katika nchi zote mbili aliyebebeshwa ni mama. Na wale wanaotusambazia ujumbe wa simu kwamba ni chanjo, wajue kuwa makala ya Uingereza iliyoanzisha maneno hayo mwaka 1998 ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010.

Sisi watu wa mashariki mwa Uganda tulitakiwa tuwe wa kwanza kuelewa. Mbale hii hii ina hospitali ya CURE, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wenye maji kichwani wamekuwa wakifanyiwa upasuaji. Zamani mtoto mwenye kichwa kikubwa alifichwa, na jirani walinong'ona kuhusu mizimu. Leo bibi wa Bududa anajua kwamba ni maji, anambeba mjukuu wake na kushuka naye mjini. Usonji si maradhi ya kupasuliwa, hilo tunalijua, wala hauna dawa ya kunywa ikauondoa. Lakini tumekwisha kujifunza mara moja kuacha kuwasingizia majini. Kwa nini tushindwe mara ya pili?

Mzizi mwingine unatoka kwa wenzetu wenye elimu, kwa hiyo unauma zaidi. Wanasema: "Huyu kalamu imeinuliwa juu yake, hana sala wala saumu, mwacheni apumzike." Wanakusudia hadithi mashuhuri ya watu watatu wasioandikiwa madhambi: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na asiye na akili mpaka apate akili. Hadithi ni sahihi. Matumizi ndiyo mabovu. Kwanza, nani amesema kwamba kila mwenye usonji hana akili? Wako wanaopiga hesabu zinazotushinda sisi, wako wasiotamka neno lakini wanafahamu kila unalolisema mbele yao, na wako wanaohitaji kulishwa mpaka uzeeni. Faqihi huangalia mtu mmoja mmoja, hahukumu kwa jina la ugonjwa. Pili, hata kwa yule ambaye kweli hana taklifu, hadithi imemwondolea yeye mzigo. Haikutuondolea sisi wajibu wa kumfundisha, kumvika, kumlinda na kumwita kwenye safu. Rehma aliyopewa mtoto tumeigeuza kuwa likizo yetu.

Na Mtume (S.A.W.) hakuishi hivyo. Anas (R.A.) amepokea habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake, aliyemwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume alimwambia achague njia yoyote anayoitaka, kisha akasimama naye njiani mpaka alipomaliza haja yake. Mkuu wa dola, mwenye majeshi na wajumbe wa kabila, amesimama barabarani akimsikiliza mwanamke ambaye huenda watoto wa Madina walikuwa wakimcheka. Nasi mwalimu wa madrasa mwenye wanafunzi sitini hukosa dakika kumi.

Hapa tunajisema wenyewe. Mtoto huyu aliletwa kwetu akiwa na miaka 8. Madrasa yetu ilikuwa kama zilivyo nyingi: chumba kimoja, bati bila dari, watoto sitini wakisoma Juzuu Amma kila mmoja kwa sauti yake, na fimbo mkononi mwa mwalimu. Alikuja siku tatu. Siku ya kwanza aliziba masikio na kuzunguka. Siku ya pili tulimwambia akae, hakukaa, tukampiga. Siku ya tatu alimng'ata mwenzake, na sisi tukamwambia mama yake, "Mama, huyu si wa madrasa, mtafutie dua." Alituitikia, "Ndiyo, Maalim," akamshika mkono wakaondoka. Hakututukana. Tungefarijika kama angetutukana.

Mwaka 2014 madaktari wa Uganda, akiwemo Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere, walitoa utafiti wa watoto 1,169 wa Kampala na Wakiso wenye miaka 2 hadi 9, wakakuta usonji kwa karibu watoto 7 katika kila 1,000. Piga hesabu. Madrasa zetu za mji huu zikichanganywa pamoja zina watoto wangapi? Chukua 1,000 tu, na hata ukisema huku kwetu idadi ni nusu ya hiyo, wanabaki watatu au wanne. Wako wapi? Katika madrasa tunazozijua hatukuwaona. Wako nyuma ya nyumba. Sheria ya nchi kuhusu watu wenye ulemavu, ile ya mwaka 2006 na hii ya 2020 iliyochukua nafasi yake, inakataza mtoto kubaguliwa shuleni kwa sababu ya ulemavu, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Kenya, wazazi waliunda chama chao cha usonji mwaka 2003. Hata siku ya dunia ya kuelimishana kuhusu usonji, tarehe 2 Aprili, ambayo baadhi yetu huiita "mambo ya wazungu", ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar. Qatar, jamani, si Uholanzi.

Kuna na wale wapole. Hawa hawacheki. Wao husema, "Subira, mama, huyu ndiye ufunguo wako wa Pepo," kisha wanakwenda zao. Maneno ni mazuri, na subira ina malipo yake kwa Allah. Lakini mama huyu alituambia kwamba katika miaka kumi na mitano ameambiwa "subira" na watu ambao hesabu yao ameisahau, na waliowahi kukaa na mwanawe saa moja ili yeye aende hospitali kupima presha ni wanne. Anawataja kwa majina. Mmoja ni Mhindu mwenye duka. Kwa nini safu ya kwanza nzima ya msikiti haimo katika wanne hao? Hatuna jibu la kuwapa.

Alipokuwa na miaka 13 mama alimrudisha kwetu. Hatukumwomba, aliamua kutujaribu tena, na hilo peke yake lilitosha kututia aibu. Safari hii tulimuuliza yeye afanyeje, kabla ya kumwambia sisi tunafanyaje. Kijana huja Jumamosi kabla ya wenzake, chumba kikiwa kimya. Hukaa kwenye mkeka ule ule, pembe ile ile. Mama alichora hatua za udhu kwenye vipande vya boksi, kimoja kimoja, tukavitundika juu ya bomba kwa mpangilio. Gharama yake ilikuwa kalamu ya wino na uzi. Fimbo tuliiweka juu ya kabati, kwanza kwa ajili yake, halafu tukagundua kwamba hata wale sitini hawaihitaji.

Leo anatia udhu bila kosa. Tena anatusahihisha. Mwezi uliopita tulikuwa na haraka, tukaosha mguu wa kushoto bila kupitisha vidole. Alitushika mkono, akaturudisha kwenye picha ya mwisho, akasimama pale mpaka tukaosha upya. Al-Fatiha anaisoma yote, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na akifika mwisho anasubiri "Amin" yako. Usipoitikia, haendelei.

Sasa turudi kwa mbuzi, maana kuna jambo ambalo mzee wetu hakuliona, na sisi hatukuliona mpaka tulipoaga. Tulimuuliza mama kwa nini hakuchinja Walukuba, akapunguza gharama. Akatuambia: "Maalim, angalia waliokaa pale karibu na mlango." Tuliangalia. Walikuwa makonda watatu wa njia ya Jinja na Mbale, vijana wa bodaboda wa stegi ya Namakwekwe, mwanamke anayeuza chapati njia panda, na askari mmoja aliyevaa kiraia. Kabla ya chakula kaka yake alimpitisha kijana mbele ya kila mmoja wao, akawasalimia kwa mkono, wakamwuliza jina naye akawajibu.

"Alipokuwa mdogo akichukua chapati ya mtu, watu walicheka," alisema. "Sasa ana ndevu. Akichukua chapati ile ile, mtu atapiga kelele ya mwizi. Wewe unajua hapa kwetu kelele hiyo hufuatwa na nini. Na mimi sitaishi milele. Nimewalisha ili wamjue uso."

Ndugu mzee wetu, huyo ndiye mbuzi uliyemcheka. Mama alikuwa akimnunulia mwanawe macho ya mji mzima, kwa sababu sisi jirani zake, waumini wenzake, hatukumpa macho hayo bure.

Tulisafiri nao kurudi Jinja siku iliyofuata. Konda mmoja wa wale watatu alimwekea kijana kiti cha dirishani na akazima redio bila kuambiwa. Tulipotoka mjini kijana alianza kuhesabu vituo kwa kurudi nyuma: Kamonkoli, Tirinyi, Namutumba. Iganga wachuuzi walizonga madirisha kama kawaida yao. Aliziba masikio, akafumba macho, akasubiri. Gari lilipoondoka aliyafumbua na kusema, "Magamaga."

Darasa la Jumamosi linaanza saa mbili asubuhi, kabla ya wengine kufika. Nafasi ziko tatu, na vipande vya boksi vya udhu vimekwisha kuchorwa. Mzazi mwenye mtoto nyuma ya nyumba asituogope. Aje tu, akae naye, na kama siku ya kwanza mtoto atasimama mlangoni akarudi nyumbani, hiyo tutaihesabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.